Kioo cha Maji

Maji yamevitangulia vioo vyote duniani. Kabla ya mtu kujua kuyeyusha mchanga akapata kioo, na kabla ya kusugua shaba ikang'aa akapata kujitazama, aliinama kisimani kuteka maji akauona uso wake. Kioo cha maji hakinunuliwi dukani, wala hakivunjiki kikatupwa. Ukikipiga jiwe hutetemeka kitambo kidogo, kisha hutulia kikarudia kazi yake. Kazi hiyo ndiyo nitakayo kuzungumza nawe katika insha hii, maana siku hizi imeenea sanaa ya kuiiga: sanaa ya kutia taswira ya majini katika picha kwa kutumia tarakilishi. Mtu hupiga picha ya mashua iliyokokotwa juu ya mchanga mkavu, akaketi mbele ya mashine, na muda si muda mashua ile yaelea juu ya maji maangavu, na chini yake iko mashua nyingine iliyopinduka, mlingoti wake ukielekea chini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa namna ya kufundisha lugha na historia; elimu ya picha niliitafuta mwenyewe baadaye. Kwa miaka kadhaa sasa nawaongoza wanafunzi wachache wakutanao Ijumaa jioni katika chumba cha tarakilishi. Mashine zetu ni kumi na moja, na mbili katika hizo haziwaki ila kwa kubembelezwa. Mengi nitakayokuambia nimeyaona pamoja na wanafunzi hao, na mengine nimeyasoma vitabuni. Nia yangu ni kukuonyesha mambo mawili: kwamba asiyejua kuyatazama maji ya kweli hawezi kuyabuni yakaaminika, na kwamba ajuaye kuyabuni yakaaminika amebeba dhamana.

Kwanza yafaa tutenganishe vitu viwili ambavyo lugha yetu huviacha vikae nyumba moja. Watu wengi husema "kivuli" kwa kile kilalacho kando ya mti wakati wa jua, na husema "kivuli" pia kwa kile kionekanacho ndani ya maji. Katika mazungumzo hapana hasara. Katika kazi hii pana hasara kubwa. Kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa. Taswira ni mwanga uliorudishwa. Kivuli hakina uso wala rangi ya mwenyewe. Taswira ina uso, ina rangi, na ina macho ikiwa mwenyewe anayo. Kivuli hulifuata jua: asubuhi huelekea magharibi, jioni huelekea mashariki. Taswira hailijali jua. Hushuka wima chini ya kitu chake, kuelekea upande wa mtazamaji, asubuhi na jioni. Mwanafunzi asiyevitenganisha vitu hivi huilaza taswira ya mnazi ubavuni kwa sababu jua li upande wa pili, na picha yake huwachekesha hata watoto wasiojua kwa nini wanacheka.

Sheria ya taswira ni ya kale, na ni fupi. Mwanga uangukapo juu ya uso laini hurudi kwa pembe ileile uliyojia. Wayunani waliijua sheria hii. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Kairo, aliichunguza kwa majaribio katika Kitab al-Manazir, kitabu chake cha elimu ya kuona alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 11. Mwanachuoni huyo ndiye aliyeeleza kwa hoja na majaribio kwamba jicho halitoi miali kwenda kuvitafuta vitu, bali hupokea mwanga utokao kwenye vitu.

Kutoka katika sheria hiyo fupi huzaliwa jambo ambalo wengi hawalitambui: taswira ya majini si picha ileile iliyopinduliwa juu chini. Ni kitu kilekile kilichotazamwa kutoka mahali pengine. Ikiwa jicho lako li mita 2 juu ya maji, taswira uionayo ni mandhari ambayo ingeonwa na jicho lililo mita 2 chini ya uso wa maji, kisha ikapinduliwa. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maji yameinama siku zote, na kwa hiyo huona cha mvunguni ambacho sisi tuliosimama hatukioni.

Mfano wa jambo hili uko pwani yetu. Panda juu ya ukingo wa hori ya Kilifi asubuhi bahari ikiwa shwari, ulitazame daraja lililofunguliwa mwaka 1991 likachukua kazi ya kivuko. Macho yako yakiwa sawa na barabara ya daraja, huwezi kuliona tumbo la daraja. Lakini maji yaliyo chini yanaliona, nayo hukuonyesha. Ndege aliyetua juu ya nguzo wewe umemwona mgongo, maji yamemwona kifua. Nyumba iliyojengwa mbali kidogo na ukingo huku juu waiona yote, kuta na milango. Majini huenda ukaona paa peke yake, kwa sababu ukingo umeikinga milango isionekane kutoka chini. Mlingoti ulioinama kuelekea kwako huwa mrefu zaidi majini. Ulioinama kwenda mbali nawe huwa mfupi zaidi. Haya yote hayapatikani kwa kupindua picha. Hupatikana kwa kufikiri, na wakati mwingine kwa kurudi ufukweni na kupiga picha ya pili, kamera ikiwa chini karibu na maji, ili tupate huo upande wa mvunguni.

Sasa tuje katika kazi yenyewe. Programu za kuhariri picha ni nyingi. Photoshop, iliyo mashuhuri kuliko nyingi, ilianzishwa na ndugu wawili Wamarekani, Thomas Knoll na John Knoll, ikatolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1990. Sisi shuleni hutumia GIMP, iliyotolewa kwa umma mwaka 1996 na Spencer Kimball na Peter Mattis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Programu hii haiuzwi. Hupewa kila aitakaye. Nakutajia kwamba waliiunda walipokuwa wanafunzi, ili usidhani kuwa umri wako ni sababu ya kungoja.

Hatua ya kwanza ni kuchagua picha. Chagua picha iliyopigwa kwa kamera iliyo chini, karibu na usawa ambao maji yatakuwapo. Katika picha ya namna hiyo, tofauti ya lile uonalo wewe na lile yaonalo maji huwa ndogo, na kupindua peke yake hutosha au hukaribia kutosha. Picha iliyopigwa kutoka ghorofani itakupa taabu tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya pili ni kupanua uwanja wa picha kwa upande wa chini, kunakili kitu chako kikawa tabaka la pili juu ya picha, na kulipindua tabaka hilo juu chini. Katika programu hizi picha hupangwa kwa matabaka, mfano wa karatasi za nailoni zilizopandana, na kila tabaka huweza kuguswa bila kuyadhuru mengine. Lishushe tabaka lililopinduliwa hadi likutane na lile la asili. Mahali pa kukutania ni mstari ambapo kitu chenyewe chayagusa maji, wala si upeo wa macho. Ikiwa ziko mashua tatu, moja karibu, moja kati na moja mbali, kila moja ina mstari wake, na kila moja hupinduliwa peke yake. Atakayezipindua zote kwa mstari mmoja atapata mashua moja ielekeayo majini na mbili zining'iniazo hewani.

Hatua ya tatu ni kupunguza nguvu ya taswira. Maji hayarudishi mwanga wote. Augustin-Jean Fresnel, mhandisi Mfaransa aliyeishi tangu mwaka 1788 hadi 1827, alionyesha namna ya kukadiria kiasi kirudicho. Ukiyatazama maji kutoka juu wima, hurudi kiasi cha sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za mwanga. Nyingi zilizobaki huzama. Ukiyatazama kwa mlalo, jicho likiwa nyuzi 10 tu juu ya uso wa maji, hurudi kiasi cha theluthi moja. Na kadiri utazamavyo kwa mlalo zaidi ndivyo mwanga ukaribiavyo kurudi wote. Ndiyo sababu mtu aliyesimama kando ya ziwa huona mlima wa ng'ambo ukiwaka majini kule mbali, lakini karibu na miguu yake haoni mlima. Huona kokoto na samaki. Kwa hiyo livalishe tabaka la taswira pazia. Pazia katika programu hizi ni tabaka la siri la rangi nyeupe na nyeusi: palipo peupe picha huonekana, palipo peusi hufichika, na palipo kijivu huonekana nusu. Lifanye pazia lako jeupe kule mbali, likififia kuelekea nyeusi kadiri likaribiavyo ukingo wa chini wa picha, na chini yake uweke rangi ya maji yenyewe.

Wachoraji wenye macho wamelijua siku nyingi jambo jingine katika hatua hii. Kilicho cheupe hupungua weupe majini, na kilicho cheusi hupungua weusi. Cheupe hupungua kwa sababu sehemu ya mwanga wake imezama. Cheusi hupungua kwa sababu mwanga mwingine hutoka ndani ya maji, hasa maji yenye tope, ukajichanganya nacho. Basi usiitie taswira giza tu kama ilivyo desturi ya wanaoanza. Punguza ncha zote mbili, na uipake taswira rangi kidogo ya maji yake. Maji ya Mto Sabaki wakati wa mvua ni mekundu ya udongo, na taswira isiyo na wekundu huo itakuwa imeazimwa kutoka mto mwingine.

Hatua ya nne ni kuyapa maji uhai. Maji yaliyotulia kabisa ni nadra. Upepo hupita, samaki huruka, mtu hupiga kasia. Kila kiwimbi ni kioo kidogo kilichoinama upande wake. Kwa hiyo shina la mlingoti, karibu na mahali ugusapo maji, hubaki bila kuvunjika sana, na ncha yake hukatika vipande vipande. Tena mtetemeko wa mawimbi huivuta taswira kwa urefu, juu na chini, kuliko uivutavyo kwa upana. Taa ya usiku ng'ambo ya bandari haiwi duara majini, huwa mstari mrefu ukujiao. Katika programu umo ufundi wa kuisogeza kila chembe ya picha kwa kufuata ramani ya mawimbi. Chora ramani hiyo mawimbi yake yakiwa mapana karibu nawe na membamba kule mbali, kwa kuwa vitu vyote hupungua ukubwa vinapokwenda mbali. Mawimbi ya ukubwa mmoja kutoka mbele hadi upeo wa macho ni alama ya fundi aliyechoka kabla ya kazi kwisha.

Hivyo ndivyo ifanywavyo. Wako watakaoniambia kwamba taabu hii yote haina haja, kwa kuwa zimekwisha kutokea programu zinazotengeneza maji na taswira yake kwa kuamriwa kwa maneno tu. Ni kweli zimetokea. Lakini aliyepita katika hatua nilizozitaja ataitazama kazi ya programu hizo akajua wapi imepatia na wapi imebahatisha. Yule asiyepita ataipokea kama alivyopewa. Mwenye macho haambiwi tazama. Ila macho ya namna hiyo, msomaji, hufunzwa.

Tena kufunzwa kutazama ni kinga. Mwaka 2012 wataalamu wawili wa elimu ya tarakilishi, James O'Brien na Hany Farid, walitangaza njia ya kuzifichua picha za uongo kwa kuzichunguza taswira zake. Kiini cha njia yao chaeleweka hata kwa anayesoma hesabu za kidato cha pili. Unganisha ncha ya mlingoti na taswira ya ncha hiyo kwa mstari ulionyoka. Unganisha dirisha na taswira ya dirisha. Unganisha jani na taswira ya jani. Kwa kuwa kioo ni kimoja, mistari hiyo yote haina budi kufuata kanuni moja: huelekea nukta moja, au, kamera ikiwa haikuinamishwa, hushuka sambamba. Mstari mmoja ukienda njia yake, umemshika mwongo. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa fupi yake yapimwa kwa rula.

Lakini je, kama mistari yote imetii? Hapo ndipo penye uzito wa maneno yangu, na nitakueleza kwa kisa.

Mwaka 2022 ukame uliibana sehemu kubwa ya Kenya, na Kilifi haikuachwa. Mtu mmoja aliyekuwa akiuza viwanja alikuja kwa mwanafunzi wetu wa kidato cha tatu, fundi kuliko wenzake wote na, kwa hakika, fundi kuliko mimi. Alimletea picha ya lambo lililokauka, udongo wake umepasuka kama sahani iliyoanguka. Alitaka lambo lile lijazwe maji, na mikwaju iliyo kando yake ionekane ndani, ili picha hiyo wapelekewe wanunuzi walio mbali. Ujira ulikuwa shilingi elfu tatu, na kijana yule alikuwa na deni la karo.

Aliifanya kazi siku mbili, akaniletea niione. Sijapata kuona maji ya uongo yaliyo mazuri kama yale. Mikwaju ilionyesha majini upande wa chini wa matawi yake. Weupe wa mawingu ulikuwa umepungua kwa kiasi kilichostahili. Karibu na ukingo wa picha maji yalikuwa yakionyesha tope la chini. Akaniuliza, "Mwalimu, nimeipima mistari yote. Kosa lake li wapi?"

Nikamjibu, "Katika taswira silioni, mwanangu. Twende tukalitazame lambo."

Hatukwenda, wala hapakuwa na haja. Alilijua lambo lile. Mama yake alikuwa akichota maji humo miaka ya neema, na mwaka ule alikuwa akiyafuata mbali kwa punda wa kuazima. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Atakayenunua atakuja na ng'ombe wake."

Sikumwongeza neno. Akaketi tena mbele ya mashine, akaandika chini ya picha kwa herufi kubwa kwamba hivyo ndivyo lambo lionekanavyo mvua ikinyesha, na kwamba wakati wa kupigwa picha lilikuwa kavu. Mwenye viwanja alipoyaona maandishi hayo alimwambia ayafute. Kijana akakataa. Yule mtu akaenda zake na shilingi zake.

Nisikufiche mwisho wa habari. Wema ule haukulipa karo. Kijana alirudishwa nyumbani wiki mbili, akarejea mjomba wake alipouza mbuzi. Hapana aliyemtunuku wala aliyemsifu mbele ya gwaride. Lakini hapakuwa na mtu aliyefikisha ng'ombe wenye kiu penye udongo mkavu kwa ajili ya mikono yake.

Usinielewe vibaya ukadhani kuwa kubuni maji ni dhambi. Jalada la kitabu cha hadithi laweza kupambwa kwa bahari isiyokuwako; tangazo la mchezo wa kuigiza laweza kuonyesha mwezi majini; mhandisi huonyesha jengo lisilojengwa bado likijitazama katika bwawa lisilochimbwa bado, na kila mtazamaji ajua kuwa ni ndoto ya kesho. Pambo lijulikanalo kuwa ni pambo halimdhuru mtu. Uharibifu huanza pale mtazamaji anapoachwa aamini kuwa ameona jambo lililotukia. Wala chombo si asili ya uharibifu huo. Mwezi wa Februari mwaka 1982, miaka minane kabla ya Photoshop kutolewa, jarida la Marekani liitwalo National Geographic lilitoa jaladani picha ya piramidi za Giza ambazo zilikuwa zimesogezwa karibu kwa mashine ili zienee katika jalada. Mawe yaliyokaa mahali pake zaidi ya miaka 4,000 yalihamishwa kwa ajili ya ukurasa mmoja, na lawama zilizofuata zingali zinakumbukwa na wapigapicha hadi leo.

Basi, msomaji, kabla hujaitoa mkononi picha uliyoitengeneza, jiulize swali hili moja: atakayeitazama ajua kuwa nimeitengeneza? Akijua, furahi naye. Asipojua, mwandikie chini yake. Mstari mmoja wa maandishi hauondoi uzuri wa maji. Huondoa hila peke yake.

Na ukitaka kuanza leo, huhitaji mashine. Teka maji katika beseni, liweke uani, usimamishe kikombe ukingoni mwake. Kitazame ukiwa umesimama, kisha uiname polepole hadi kidevu kikaribie maji. Hesabu mambo yanayobadilika ndani ya maji kikombe kikiwa hakikusogea hata kidogo. Ukiyapata matano, umeanza kuona. Na ukiwaita wenzako wakayahesabu nawe, bila shaka mtayapata zaidi.